Tumwombee Dada Mmoja

Bweni la pili
Jumapili, 12 Januari

Dada,

Sketi imenikaa vizuri kiunoni, ila marinda yako ni makali mno. Nikikaa kwenye benchi la kanisa la shule nainuka na mistari mapajani kama nimechapwa. Wenzangu wameuliza fundi ni nani, nikasema ni mtu ninayemfahamu. Unanijua, swali refu nalijibu kwa neno moja.

Mwaka mpya umeanza na rangi mpya na watu walewale. Bweni wamelipaka buluu mpaka kwenye swichi za taa. Nimepewa kitanda cha chini, na juu yangu yuko Redio, yule binti wa mchungaji niliyekusimulia mwaka jana. Bado anaitwa Redio na bado hana kitufe cha kuzimia. Kabla sijatandika shuka alikuwa ameshanieleza nani amehama, nani amekuja na nywele za bandia akafumuliwa palepale getini, na mpishi gani hasemeshani na mpishi gani. Nampenda kwa sababu hiyo. Mtu akiongea sana karibu yangu, hakuna anayegundua kwamba mimi sijasema kitu.

Sasa sikiliza. Siku ya kwanza, baada ya nyimbo, Mwalimu wa Dini alitaja viongozi wapya. Alipofika kwa kiongozi wa ibada akanitaja mimi. Niligeuka nyuma kumtafuta huyo mtu. Makofi yakapigwa. Akasema, "Binti huyu nimekuwa nikimwangalia tangu mwaka jana wakati wa maombi. Wenzake wanachungulia, yeye ametulia kama maji mtungini. Kimya kingi kina mshindo mkuu."

Dada, nikwambie jambo, na usimwambie Mama, maana Mama alifunga na kuomba ili nipate nafasi shule hii. Mimi siombi. Sijaomba tangu katikati ya mwaka jana. Naona haya hata kuliandika. Hakuna kilichotokea. Hakufa mtu, sikukosana na Mungu, sikusoma kitabu kibaya. Siku moja tu nilifumba macho nikakuta hakuna mtu upande wa pili, kama vile umepiga hodi kwenye nyumba uliyoizoea ukasikia sauti yako mwenyewe inarudi kutoka vyumba vitupu. Tangu hapo nikiinamisha kichwa natafuna hewa. Midomo inakwenda, ndani hamna kitu. Na huo ndio utulivu anaousifu mwalimu.

Kuanzia mwezi ujao natakiwa kusimama mbele kila Jumatano niongoze maombi. Mimi, ambaye nikiitwa ubaoni sauti inanikimbia. Nikikataa ataniuliza sababu. Nikikubali nitaidanganya shule nzima, na huyo Mungu naye, kama yupo.

Wewe umesoma hapa, na huyu alikuwa mwalimu wako. Niambie nifanyeje. Sijamwambia mtu mwingine.

Mdogo wako,
Kobe


Kwa mafundi
17 Januari

Kobe wangu,

Usikalie marinda hivihivi. Yatandaze kwanza kwa mikono miwili, ndipo ukae. Nilikufundisha, wewe ukawa unatazama dirishani.

Huku ni Januari ya mafundi, hata chai tunakunywa tumesimama. Kila mama anakuja na mtoto mkono mmoja na kitambaa mkono mwingine, na maneno ni yaleyale: "Mshonee ya kukulia." Leo mmoja ametaka sketi ya mtoto wa darasa la kwanza itakayomfikisha la nne. Nikamwambia, "Mama, hiyo si sketi tena, ni hema." Akacheka sana, na hakupunguza hata kidole. Bosi kaniambia niwatanie wateja wakishalipa, si kabla.

Barua yako nimeisoma, nikairudia, kisha nikaificha chini ya mkebe wa vifungo. Mama hatajua, kwa hilo lala usingizi. Mdogo wangu, imani ni kama uzi wa chini wa cherehani. Huuoni. Unashona na kushona, ukija kugeuza nguo ndipo unakuta uzi ulikwisha zamani na sindano ilikuwa inatoboa bure. Haimaanishi cherehani imekufa. Unafungua, unatia uzi, unaendelea.

Uongozi usikatae. Mwalimu yule ana moyo. Alinivumilia mimi, na mimi nilikuwa mkorofi kuliko bweni lenu zima. Mpe muda. Mambo yatajinyoosha.

Dada


Chumba cha masanduku
23 Januari

Dada,

Naandika nimekaa juu ya sanduku la mtu, kwa sababu hapa ndipo penye mlango unaofungika.

Unajua Jumatano ilivyo. Mwalimu wa Dini anauliza nani ana ombi, mikono inapaa. Shule hii haina umbea, ina maombi. Ukitaka kila mtu ajue fulani kapata barua ya mvulana, unasimama na uso wa huzuni unasema, "Tumwombee dada mmoja wa bweni la kwanza, anapita katika majaribu." Kufika chakula cha jioni majaribu yana jina, yana urefu, na yanasoma shule ya jirani.

Jana hakungoja mikono. Ibada ilikuwa ya Kiswahili, kama kila Jumatano, ili wapishi na walinzi nao wafuate. Alifunga Biblia akasema ana mzigo. "Kuna binti kati yetu, tena amekabidhiwa kuongoza ibada, lakini akiinamisha kichwa anatafuna hewa. Ni miezi sasa. Tumwombee dada huyu. Na kama anao ujasiri, aje mbele."

Hakutaja jina. La nini? Kiongozi wa ibada ni mmoja. Vichwa vikageuka kama alizeti.

Mimi sikwenda, ni miguu iliyokwenda. Wakanizunguka, wakanishika kichwa kama tikiti linalochaguliwa sokoni. Mkono mmoja ulinuka kitunguu, nadhani wa mpishi, na ni huo tu ambao haukunikandamiza. Wakapaza sauti kwa pamoja, wakiamuru niachiliwe, na mimi sikuona aliyenishika zaidi yao. Nilipofumbua macho, mtoto wa mwaka wa kwanza alikuwa ananililia kama niko kwenye jeneza.

Leo bwaloni wamenipisha njia. Si kwa heshima.

Ni Redio. Hakuna mwingine. Nilimwambia Jumatatu tukifua soksi. Siku za kazi ni lazima tuongee Kiingereza, na kwa Kiingereza mambo hayaniumi sana, ni kama nasoma zoezi la mtu mwingine, kwa hiyo likanitoka. Aliacha kufua. Akanitazama, akasema naye ataniambia lake ili tuwe sawa, asiwepo wa kumcheka mwenzake. Akaniambia, na lake ni zito kuliko langu. Nikaona tumefungana.

Leo ananiapia kwamba hajasema. Analia mpaka kamasi, anasema, "Kobe, hivi wewe unanionaje?"

Nikamwambia, "Kama jina lako."

Nataka kurudi nyumbani.

Kobe


Kwa mafundi
27 Januari

Kobe wangu,

Pole. Pole sana. Leo nimeshona mkono wa shati ndani nje, nikaufumua, nikaushona tena vilevile. Bosi akaniuliza kama nina homa.

Nyumbani usirudi. Mama atauliza sababu, na hapo ndipo kila kitu kitamwagika. Huyo aliyesema, awe nani, huenda hakusema kwa ubaya. Siri ya mtu nayo hulemea, unamtafuta wa kukusaidia kuishika. Usikae unachunguza nani kasema nini, utajichubua bure.

Kuhusu huyo rafiki yako, mimi simjui. Ila mtu haitwi Redio bure. Jina lake tu linatosha. Jitenge naye polepole, uangalie masomo.

Nimekutumia soksi na sabuni. Kula.

Dada


Bweni la pili
6 Februari

Dada,

Soksi nimepata. Asante.

Redio nimemlipa. Usiniulize nimemlipaje. Tangu jana jioni hajashuka kitandani. Nikilala chali naona mgongo wake ulivyolibonyeza godoro, na hausogei. Nilidhani nitajisikia mwepesi.

Kobe


Kwa mafundi
12 Februari

Kobe wangu,

Sifa kwa Mungu. Nimefurahi mpaka nimemwambia bosi, naye hajui hata sura yako. Eti umesimama mwenyewe, bila kuitwa, mbele ya shule nzima, ukatoa ombi kwa sauti iliyofika mpaka kwa walinzi mlangoni. Wewe huyohuyo uliyekuwa ukiona wageni unaingia nyuma ya pazia, tunabaki kuongea na vidole vyako vya miguu. Mwalimu anasema Mungu amekufungua kinywa. Anasema maombi ya siku ile yamejibiwa waziwazi na uongozi wako uko palepale.

Unaona sasa? Nilikwambia yatajinyoosha.

Kazi imepungua, watoto wote wameshavaa. Siku ya wazazi nitakuja, tukae kwenye kile kibaraza cha maktaba uniambie yote.

Dada


Chumba cha masanduku
17 Februari

Dada,

"Mwalimu anasema." Anakusemea wapi?

Mimi sikukuandikia kwamba nilisimama. Sikumwandikia yeyote, na simu haturuhusiwi. Kwa hiyo nimeirudia ile Jumatano ya kwanza, nikaisikiliza neno kwa neno, kama ninavyofanya kila mtu akinisema. "Anatafuna hewa."

Siri hii niliitoa mara mbili, kwa lugha mbili. Redio nilimpa kwa Kiingereza. Nilimwambia nasogeza midomo tu, basi. Kutafuna hewa sikumwambia, na hata ningetaka nisingejua pa kulianzia. Nimejaribu usiku kulipeleka kwenye Kiingereza, linakuwa habari ya mtu mwenye njaa. Neno lile nililiandika mara moja tu, kwenye karatasi, nikalibandikia stempu, nikakutumia wewe.

Sasa nikupe ombi nililotoa, maana naona mwalimu hakukusimulia lote. Nilisema, "Tumwombee dada mmoja wa bweni la pili. Baba yake ni mchungaji, na tangu mwisho wa mwaka analala ofisini kwa kanisa, kwenye kochi, kwa sababu mama yake amebadilisha kufuli ya nyumba. Tuiombee ndoa hiyo." Sauti haikutetemeka. Maisha yangu yote nimeisubiri sauti hiyo, na siku ilipokuja ilikuja kwa kazi ile. Watu wakaitika amina. Mwalimu akawapigia simu wazee wa kanisa la yule baba, "ili nao wasimame katika maombi." Wazee wakasimama. Wamempumzisha utumishi, yaani madhabahuni hapandi tena.

Juzi Jumamosi mama yake alikuja kumchukua. Redio alipita mbele yangu amejitwika godoro, limemfunika mpaka mabegani. Sikuuona uso. Hakusema neno, na bweni zima lilikuwa limenyamaza likimngoja aseme.

Hakuwa amesema, Dada. Shule nzima inamwita Redio, na siri yangu aliikalia.

Na wewe ulijua. Ulipoandika kwamba jina lake tu linatosha, kalamu ilikuwa inajua.

Mimi


Kwa mafundi
21 Februari

Mdogo wangu,

Sina pa kuanzia, acha nianze popote.

Nilimpigia siku ileile nilipopata barua yako, kabla hata sijakujibu. Nilitoka nje, nikasimama karibu na pipa la vipande vya nguo, nikamsomea. Nilikuwa naogopa. Nilikuona umesimama mbele ya watu huna kitu ndani, ukianguka. Nikamwambia, "Mwalimu, hili ni letu wawili, niombee mdogo wangu." Akasema ameupokea mzigo. Sikujua kama atautua mbele ya shule.

Ulipoandika yaliyokupata nikampigia tena, nimpe maneno yake. Unaijua sauti yake. Nilikata simu nikiwa namshukuru.

Mama sikumwambia. Uliniambia nisimwambie Mama, na mpaka leo Mama hajui. Najua unavyousoma mstari huu. Na mimi nimeusoma nikaona aibu, lakini ni kweli, na sina kingine cha kushika.

Kwa Redio sina la kujitetea. Niliona amepatikana wa kubeba, nikaacha abebe. Nilijua ukinigundua hutaniandikia tena kama ulivyokuwa unaniandikia. Wenzangu hapa wanapokea pesa na salamu kutoka kwa ndugu zao. Mimi nilikuwa napokea wewe.

Niandikie, hata kama ni matusi. Niambie kama utanisamehe. Na tafadhali, niambie kama umeanza kusali.

Dada


Nyumbani
9 Machi

Kobe,

Barua yako imefika. Mama ndiye aliyeifungua, siku hizi anafungua kila kitu, kwa hiyo naye anajua kwamba umeomba radhi.

Baba amerudi, kwa kuwa ofisi si yake tena. Analala sebuleni. Amebadilisha kochi tu. Hawagombani, wanapishana kwenye korido kama wapangaji, huyu anasema "samahani," yule anasema "pita." Jumapili hatuendi popote. Tunavaa, halafu tunakaa.

Mama hakuniuliza kwa nini nilisema. Aliuliza nilimwambia nani. Nikamwambia ni rafiki yangu, yule wa kitanda cha chini. Akasema, "Yule mkimya?" Hakuamini. Hata mimi sikuamini, na nilikuwepo, nilikuwa benchi la tatu nikikuangalia unavyoinuka. Unajua nilifikiri nini ulipoinuka? Nilifikiri unakwenda kunitetea.

Nimepata shule ya kutwa. Mwaka wenu umeshaanza zamani, wangu ndio unaanza. Jina bado hawajanipa kwa sababu siongei. Walimu wananisifu, wanasema nimelelewa.

Unaandika kwamba ulidhani ni mimi. Ungeniuliza mara ya pili ningekujibu mara ya pili.

Usiniandikie tena. Si hasira. Ni kwamba sina cha kukwambia ambacho siogopi kikisikika.

Binti wa aliyekuwa mchungaji


Bweni la pili
12 Aprili

Dada mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima wa afya. Mimi ni mzima na naendelea vizuri na masomo. Mvua zimeanza, na paa la bwalo lililokuwa linavuja limezibwa. Mitihani tumemaliza. Hesabu ilikuwa ngumu kidogo lakini si haba. Chakula kinatosha. Kitanda cha juu kimepata mtu, mtoto wa mwaka wa kwanza, hana usumbufu.

Uliuliza kuhusu sala. Naomba kila siku. Jumatano nasimama mbele naongoza, na Mwalimu anasema nimekua sana kiroho. Wiki iliyopita wawili walilia, mmoja wao mlinzi. Kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Unaweza kumwambia Mwalimu, na Mama pia, na yeyote atakayekuuliza.

Kuhusu kusamehe, nimekusamehe kabisa.

Siku ya wazazi usijisumbue kuja, najua kazi ni nyingi. Wasalimie wote hapo kwa mafundi.

Wako katika Bwana,
Kiongozi wa Ibada